Mzozo wa kelele za baa Nairobi: Tiba imo kwenye leseni

MZOZO baina ya wakazi wa Nairobi na wamiliki wa baa na mikahawa inayopiga muziki hadi usiku wa manane umeisumbua serikali ya jiji kwa miaka mingi, na amri za ghafla hazijaumaliza.

Katika mitaa ya Kilimani, Kileleshwa na Lavington, nyumba za zamani zenye bustani zimegeuzwa mikahawa huku maghorofa ya makazi yakijengwa pembeni. Anayetaka kulala na anayetaka kustarehe sasa hutenganishwa na ukuta mmoja tu.

Mnamo Oktoba 2022, majuma machache baada ya kuapishwa, Gavana Johnson Sakaja alitangaza kufutwa kwa leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika maeneo ya makazi. Wakazi waliokuwa wamelalamika kwa muda mrefu waliipongeza hatua hiyo. Wamiliki nao waliteta kwamba walikuwa wamewekeza fedha zao kwa idhini ya kaunti iyo hiyo.

Hoja ya wamiliki ina uzito. Serikali inayotoza ada na kutoa leseni, kisha ikaifuta kwa tangazo, huwaacha wapishi, wahudumu na walinzi wasijue kama watakuwa na kazi kesho. Hata hivyo, ada hizo hizo huifanya kaunti isite kumnyima leseni mwenye biashara hata majirani wanapolalamika.

Isitoshe, agizo hilo lililenga vilabu, ilhali kelele hazijali jina lililoandikwa kwenye leseni. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, baa ya kawaida huruhusiwa kuuza pombe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, nacho klabu cha usiku huweza kuendelea hadi saa tisa. Mkahawa unaouza chakula mchana na kuweka vipaza sauti uani usiku huwa umegeuka klabu bila kubadilisha cheti.

Kuhusu kelele zenyewe, sheria haina utata. Kanuni za mwaka 2009 zinaweka kiwango cha desibeli 35 katika maeneo ya makazi usiku, na usiku huo huhesabiwa kuanzia baada ya saa mbili. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia takriban desibeli 60.

Tatizo ni utekelezaji. Mlalamishi huelekezwa kwa polisi, kisha kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), kisha kwa ofisi za kaunti. Ilhali Jadweli la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti majukumu yote mawili: utoaji wa leseni za pombe na udhibiti wa kelele. Kaunti haiwezi kudai kwamba mkono mmoja haujui unachofanya mwingine.

Njia nyingine ni mahakama. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 hakimlazimishi mlalamishi kuthibitisha kwamba amepata hasara. Lakini kesi huhitaji fedha na subira, na si kila mpangaji aliye navyo.

Fursa nafuu zaidi ni ile isiyotumiwa sana. Leseni ya pombe hudumu miezi 12 pekee. Sheria ya 2010 inataka maombi yatangazwe hadharani kwa muda usiopungua siku 21, na inamruhusu mtu yeyote kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Tangazo linalobandikwa katika ofisi ya chifu, hata hivyo, ni vigumu kumfikia mpangaji wa ghorofa ya saba.

Kaunti ingeweza kulibandika tangazo hilo kwenye lango la baa na la majirani wake, na kuyaweka mbele ya kamati ya leseni malalamishi yote ya mwaka uliopita. Mwenye biashara angepewa masharti mapema: kuondoa vipaza sauti uani, kuziba kuta, au kukosa leseni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwanafunzi anayerauka alfajiri, na kwa mhudumu anayetegemea mshahara wa baa hiyo, siku ya kusikizwa kwa ombi la leseni ina uzito kuliko usiku wa msako.