Kikohozi Hakisubiri Huzuni Iishe

Kuanzia Akheri hadi soko la Tengeru, huku Arusha, utasikia kauli ileile: hospitali hutuliza dalili, dawa ya Kichina hung'oa mzizi. Wanaoisema wanaeleza kwamba Wachina walijua zamani jinsi hisia na viungo vilivyofungamana: hasira huumiza ini, huzuni mapafu, hofu figo, mawazo mengi wengu. Uwiano ukirudi, mwili unajiponya.

Sidharau chanzo cha imani hiyo. Tabibu wa Kichina aliyefunzwa vizuri hukushika kifundo cha mkono, akasikiliza mshipa kwa vidole vitatu, akatazama ulimi, akauliza unalalaje, umefiwa na nani. Mama aliyekaa foleni tangu alfajiri, akaandikiwa panadol bila kutazamwa usoni, ana haki ya kuvutiwa na maswali hayo. Tena ni kweli kwamba msongo wa mawazo huondoa usingizi, huvuruga tumbo na kupandisha presha.

Ila kutoka hapo hadi kudai kwamba huzuni ina makao yake mapafuni ni mwendo mrefu, na ushahidi wa kutufikisha huko haupo. Mjini mambo yameharibika zaidi. Mgonjwa anashikishwa fimbo ya chuma kiganjani, muda si muda kompyuta inatoa karatasi: ini, figo, wengu, kila kimoja na kasoro yake. Anayemsomea karatasi hiyo ndiye huyohuyo anayemuuzia vidonge.

Watetezi hukimbilia malaria. Dawa mseto tunayomeza ina asili yake katika mmea wa Kichina wa artemisia, nao umelimwa hata huku Arusha. Sawa, lakini tazameni Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alivyofanya kazi. Katika mradi wa siri ulioanza mwaka 1967, alichukua dokezo la Ge Hong, tabibu wa karne ya 4: loweka majani, kamua, kunywa. Alipotambua kwamba joto linaua nguvu ya dawa, alibadili njia ya kuikamua, akaijaribu kwa panya, kwa nyani, kisha kwa mwili wake mwenyewe. Majaribio ndiyo yaliyoipa dawa ile heshima. Uwiano wa ini na hasira haukuchangia kitu. Na chai ya majani hayo? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema isitumike kutibu malaria.

Hofu yangu kubwa ni kikohozi. Mtu akiambiwa kwamba huzuni ya msiba imeganda kifuani, atakunywa chupa baada ya chupa, atajisikia amesikilizwa, huku kifua kikuu kikiwafuata watoto anaolala nao chumba kimoja. Ugonjwa huo hutibiwa bure nchini, kwa kawaida kwa miezi 6.

Msiba nao unahitaji mtu wa kuusikiliza, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Lakini ukikohoa wiki mbili, peleka kwanza makohozi yakapimwe, Hospitali ya Nkoaranga au zahanati yoyote iliyo karibu nawe.