Majina ya watafiti yasahihishwe mapema



Natoa maoni yangu juu ya majina ya watu yanayoandikwa kwenye ripoti za utafiti wa utabibu. Wengi wetu hudhani hilo ni jambo la madaktari peke yao. Mimi naona linamhusu kila mfanyakazi, kwani jina likiwekwa mahali pasipo pake, jasho la mtu mmoja hugeuka mali ya mwingine.

Tuchukue mfano wa Ufaransa. Mwezi Januari, 1959 ilichapishwa huko ripoti iliyoonyesha kwamba watoto wenye hali iitwayo Down wana kromosomu 47 badala ya 46. Jina la kwanza lilikuwa la Jérôme Lejeune, na la mwisho la mkuu wao, Profesa Raymond Turpin. Katikati palikuwa na jina la daktari mwanamke, Marthe Gautier, nalo likakosewa likaandikwa "Marie Gauthier".

Gautier ndiye aliyekwenda Marekani akajifunza kukuza chembe hai za mwili nje ya mwili, akarudi Paris kuianzisha kazi hiyo hospitalini kwa vifaa haba. Katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 2009 alisema kuwa hakuwa na darubini ya kupigia picha, hivyo Lejeune alizichukua sampuli zake ili azipige picha, na baadaye matokeo yakatangazwa bila yeye kushirikishwa. Wafuasi wa Lejeune wanayapinga maelezo hayo. Hata hivyo, mwaka 2014 kamati ya maadili ya Inserm, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Ufaransa, ilisema haielekei kwamba mchango wa Lejeune ndio uliokuwa mkubwa kuliko wote. Miaka 55 ilikuwa imepita. Lejeune na Turpin walikwisha kufa, na Gautier alikuwa anakaribia miaka 90. Alifariki mwaka 2022.

Je, kwa nini masahihisho huchelewa hivyo? Kanuni zipo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya utabibu inataka mwandishi awe amechangia utafiti wenyewe, ameshiriki kuiandika au kuirekebisha ripoti, ameikubali kabla haijachapishwa, na yuko tayari kuijibia. Inasema pia kwamba aliyefanya kazi ya utafiti apewe nafasi ya kushiriki katika uandishi. Asiyenyimwa nafasi hiyo huingia. Anayefichwa rasimu hubaki nje, kisha huambiwa hakutimiza masharti!

Tatizo jingine ni hili: jina likitakiwa kuongezwa au kuondolewa, waandishi wote hutakiwa kutia sahihi. Maana yake aliyefaidika na kosa naye lazima akubali. Wahariri hawaamui ugomvi huo; huurudisha kwenye chuo au taasisi ilikofanyika kazi, ambako mara nyingi mlalamikiwa ndiye mkubwa wa mlalamikaji.

Mtu asiseme kwamba jina ni fahari tu. Kwa msaidizi wa maabara au kijana anayezunguka vijijini kukusanya takwimu, jina hilo laweza kumpatia nafasi ya masomo au kupandishwa cheo.

Kwa hiyo naonelea taasisi zetu za utafiti ziandike kabla ya kazi kuanza nani atafanya nini, na kila mshiriki apewe nakala. Malalamiko yaamuliwe na watu wasio wa idara hiyo, tena kwa muda maalumu.

Jambo hili linawezekana. Mwaka 1969 Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha makala ya fizikia juu ya maji ya moto yanayowahi kuganda kuliko ya baridi. Jina lililotangulia halikuwa lake, bali la Erasto Mpemba, kijana aliyeligundua jambo hilo akiwa mwanafunzi wa sekondari. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini, Dodoma.