Chama Kionekane, Nyumba ya Katibu Isionekane



Siku hizi matawi mengi, ya viwandani na ya mashambani, yanataka tovuti zao. Jambo hilo ni jema nasi tunaliunga mkono. Lakini kuna shimo njiani, na ni wajibu wetu kulionyesha kabla mtu hajatumbukia.

Anayetaka tovuti hulipia jina lake kwa msajili. Hapo huulizwa jina lake mwenyewe, anwani, barua pepe na simu. Kwa miaka mingi habari hizo ziliwekwa katika daftari la wazi lililoitwa WHOIS. Mtu yeyote duniani aliweza kulifungua bila malipo na kusoma tovuti ni ya nani na mwenyewe anapatikana wapi.

Tufikirie maana yake. Katibu wa tawi anakaa katika nyumba ya kampuni, kambini, kwenye shamba la chai. Tawi linaandika juu ya mishahara iliyocheleweshwa. Meneja hana haja ya mpelelezi: jina la katibu na simu yake viko daftarini. Neno la wafanyakazi wote limegeuzwa kosa la mtu mmoja. Matapeli nao husoma humo humo, wakatuma ankara za uongo za kudai ada.

Mwaka 2018 mambo yalibadilika. Tarehe 25 Mei sheria ya Ulaya ya kulinda habari za watu ilianza kutumika, na ICANN, shirika linalosimamia majina hayo duniani, likaweka utaratibu wa kuficha habari za watu binafsi kwa majina kama .com na .org. Majina ya nchi, kama .ug, .ke na .tz, yana wasimamizi wake na kanuni zake. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Lakini ngao isiyoshikwa haimkingi mtu.

Wako wanaouliza: asiye na kosa anaficha nini? Tunawajibu kwamba chama hakijifichi. Jina la chama na ofisi yake viwe wazi. Kinachofichwa ni mlango wa nyumba ambamo watoto wa katibu wamelala.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tawi limwulize msajili ni habari zipi zitakazoonekana, na kama ana huduma ya kuzificha. Liandike jina la chama, sanduku la posta la ofisi na simu ya ofisi, si za mtu. Lisiandike uongo: kwa majina kama .com, anayetoa habari za uongo kwa makusudi, au asiyemjibu msajili anayezihakiki kwa zaidi ya siku 15, anaweza kunyang'anywa jina. Funguo za tovuti zijulikane na viongozi wawili au zaidi, ili mmoja akiondoka jina lisipotee.

Hayo yafanywe siku ya kwanza. Yaliyokwisha kuwekwa wazi yamekwisha kunakiliwa na wengine, na kuyaficha leo hakufuti ya jana. Tujue pia kwamba msajili bado anamjua mwenye jina, na mahakama inaweza kumtaka amtaje.

Kazi ya chama ni ya wote. Hatari yake isibebwe na mmoja.