Tukitaje kila kipuri kwa jina lake

Wakazi wa Nairobi wana mazoea ya kuvigawa vipuri vya magari katika mafungu mawili tu: jenyuini na feki. Kilichotoka katika kampuni iliyolitengeneza gari huitwa jenyuini. Kisichotoka huko, hata kiwe kizuri namna gani, huwa katika hatari ya kuitwa feki. Mgawanyo huu waonekana kuwa jambo dogo la mitaani. Mimi nauona kuwa upungufu wa msamiati wenye gharama kubwa, na nadhani walimu na wanafunzi wa Kiswahili ndio wanaofaa kuwa wa kwanza kuuziba. Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa kipuri kimoja, nacho ni klachi.

Mathare, bonde lililoko kati ya Barabara ya Thika na Barabara ya Juja, hutajwa mno kwa sababu ya umaskini na mafuriko. Aghalabu husahaulika kwamba ni mahali pa kazi pia. Kandokando ya Barabara ya Juja mna mafundi wanaoshusha injini na kuzipandisha juani, na magari wanayoletewa si matatu na pikapu pekee. Vijana wengi wa Eastlands wanazipenda Subaru Impreza zenye injini za tabo, na mapenzi hayo yana historia yake. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Mbio za Magari za Safari akiendesha Impreza, na mashindano hayo yaliporejeshwa katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, mapenzi ya zamani yaliamka upya. Mengi ya magari haya hufika Kenya yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Gari la namna hiyo, likitiwa katika msongamano wa Juja asubuhi na jioni, halichelewi kumaliza klachi.

Klachi ni chombo chepesi kueleweka. Sahani yenye bitana ngumu pande zote mbili hubanwa kati ya gurudumu zito la injini na bamba la kushinikiza lenye springi. Mbano huo ndio unaozipeleka nguvu za injini kwenye giaboksi. Bitana ikilika, sahani huanza kuteleza: injini hunguruma na mizunguko yake hupanda, ilhali mwendo hauongezeki, na baadaye harufu ya kuungua hujaa ndani ya gari. Mafundi husema klachi imeisha. Katika gari lenye tabo huisha upesi zaidi endapo mwenyewe ameongeza nguvu za injini, kwa maana klachi ya awali iliundwa ihimili nguvu za awali. Hapo ndipo swali la ununuzi linapozuka.

Nimepata kusikiliza mabishano ya aina hii huko Mathare. Fundi alikuwa ameleta klachi iliyotengenezwa na kampuni isiyo ile ya gari. Ilikuwa ndani ya sanduku lenye jina la kampuni hiyo waziwazi, bila kuficha chochote. Mwenye gari aliigeuzageuza mikononi, kisha akasema, "Fundi, hii ni feki. Mimi nilitaka jenyuini."

"Si feki, mkubwa," fundi akajibu. "Ni ya kampuni nyingine tu."

"Sasa kama si jenyuini, ni nini?"

Fundi alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Ni ile ya kawaida."

Fundi yule aliijua klachi ndani na nje. Aliweza kueleza kwa nini springi yake ni ngumu kuliko ya awali na kwa nini kanyagio lingekuwa zito mguuni. Alichokosa ni jina. Na kwa kuwa hakuwa na jina, mwenye gari aliondoka akiamini kwamba alikuwa nusura atapeliwe.

Katika isimu tunafundisha kwamba kuna vinyume vinavyokamilishana, kama vile hai na mfu: kisicho hiki lazima kiwe kile, na katikati hapana kitu. Kuna pia seti za maneno ambazo kukanusha moja hakulithibitishi jingine. Asiye Mluo si lazima awe Mkamba. Kosa letu ni kulichukua neno jenyuini na neno feki tukayafanya yawe kama hai na mfu, ilhali bidhaa zenyewe zimo katika seti ya aina ya pili.

Tukichunguza soko la vipuri, kuanzia Mathare hadi Kirinyaga Road ambako wengi bado wanakuita Grogan, tutaona aina nne zisizofanana. Ya kwanza ni kipuri halisi, kinachouzwa kwa jina la kampuni iliyoliunda gari. Ya pili ni kipuri mbadala, kilichotengenezwa na kampuni nyingine na kuuzwa kwa jina la kampuni hiyo hiyo nyingine. Ya tatu ni kipuri cha mtumba, kilichotolewa katika gari jingine, ambacho wachuuzi hukiita eks-Japani kikiwa kimetoka ng'ambo. Ya nne ni kipuri ghushi, yaani kile kinachovaa jina la mwingine bila idhini ili kumhadaa mnunuzi. Maneno haya yote, halisi, mbadala, mtumba na ghushi, tunayo tayari. Hatuhitaji kamati ya kuyabuni.

Yafaa isisitizwe kwamba kipuri mbadala si mwana wa haramu. Kampuni ya Exedy ya Japani, kwa mfano, hutengeneza klachi kwa ajili ya viwanda vya magari, na papo hapo huuza klachi katika masanduku yenye jina lake. Ndivyo zifanyavyo LuK ya Ujerumani na Valeo ya Ufaransa. Kwa hiyo yawezekana kabisa mkono ulioitengeneza klachi iliyokuja na gari ndio huo huo ulioitengeneza klachi ambayo mnunuzi anaikataa kwa madai kwamba ni feki.

Hasara ya kuchanganya majina haiishii katika ubishi wa gerejini. Tufikirie kidogo jinsi mghushi anavyofanya kazi. Hawezi kunufaika kwa kuandika jina lisilojulikana juu ya sanduku lake. Ataandika jina ambalo watu wanalitafuta, pamoja na nembo na rangi zake. Maana yake ni kwamba kipuri ghushi huja kikiwa kimevaa vazi la jenyuini. Mnunuzi aliyefundishwa kukimbia kila kilicho cha kampuni nyingine, na kuliamini sanduku lenye jina kubwa, anaelekezwa na msamiati wake mwenyewe mpaka mlangoni pa mghushi.

Gharama ya kuhadaiwa si ndogo. Kubadilisha klachi ni kushusha giaboksi, na kazi hiyo ndiyo inayokula saa nyingi za fundi. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hubadilisha sahani, bamba la kushinikiza na beringi ya kuachia kwa pamoja, akakagua uso wa gurudumu la injini na sili ya mafuta iliyo nyuma ya injini, kabla ya kufunga tena. Klachi ghushi ikifa baada ya majuma machache, giaboksi hushushwa mara ya pili, na mara nyingi mteja hukataa kulipia ufundi upya. Aidha, sahani mbovu yaweza kupasuka injini ikiwa katika mizunguko mingi, na hapo usalama wa abiria huwa shakani.

Nchi hii imewahi kuona jinsi tafsiri ya neno moja inavyoweza kugusa uhai wenyewe. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Watu watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI walikwenda Mahakama Kuu wakilalamika kwamba fasili ya bidhaa ghushi katika sheria hiyo ilikuwa pana mno, hata ingeweza kuzikumba dawa mbadala, zile za bei nafuu zinazotengenezwa kihalali na kampuni nyingine na ambazo walizitegemea kuishi. Mnamo Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuitekeleza sheria hiyo dhidi ya dawa hizo kungekiuka haki zao za kuishi, za heshima ya utu na za afya. Kiini cha kesi ile kilikuwa kutenganisha mbadala na ghushi. Ikiwa mahakama iliona haja ya kutenganisha mambo haya katika dawa, hatuna sababu ya kuendelea kuyachanganya katika magari.

Mfumo wetu wa serikali nao umeyatenganisha. Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi huuliza: je, bidhaa hii imeiba jina la nani? Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, huuliza: je, bidhaa hii inafikia viwango? Haya ni maswali mawili. Kipuri chaweza kuwa mbadala halali na bado kiwe dhaifu. Chaweza pia kuwa mbadala na kikawa na nguvu kuliko halisi, lakini kisimfae mwenye gari. Klachi ya mashindano yenye bitana za metali hushika kwa ghafla. Itamfaa dereva wa mbio kule Naivasha, na itamtesa yule anayesogea hatua kwa hatua katika foleni ya Pangani. Jina la aina hutuambia kipuri kimetoka wapi. Ubora na ufaafu wake sharti tuuulizie kando.

Najua yupo atakayenikumbusha kwamba lugha ni mali ya wazungumzaji, na kwamba kazi ya mwanaisimu ni kueleza, si kuamuru. Nakubaliana naye. Sina nia ya kulifukuza neno feki mitaani, wala sitegemei fundi wa Mathare azungumze kama kitabu cha sarufi. Lakini wazungumzaji hao hao wanahitaji kununua, kudai risiti na kushtaki wanapoonewa. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari zinazohitajika ili afaidike nazo. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ukivisoma vifungu hivi pamoja, utaona kwamba si ndoto kutaka risiti ya kipuri iandikwe kwa Kiswahili ikisema wazi: halisi, mbadala au mtumba. Muuzaji akiandika halisi ilhali ni ghushi, mnunuzi ana ushahidi mkononi. Asipoandika chochote, mnunuzi ana maneno matupu.

Upande wa shule, Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unadai kwamba mwanafunzi ahusishe anachosoma na maisha yanayomzunguka. Mwalimu wa Kiswahili aliye Huruma au Mlango Kubwa hana haja ya kusafiri mbali. Awatume wanafunzi kwa fundi aliye jirani wakusanye majina ya vipuri kama yanavyosemwa, kisha darasani wayapange: yapi yana maana moja, yapi yanatofautiana, na wapi pana kitu kisichokuwa na jina. Zoezi hilo litawafundisha fasili, sinonimu na vinyume kuliko orodha ya kukariri ubaoni. Vilevile litawaonyesha kwamba fundi wa jua kali ni mwenye maarifa yanayostahili kuandikwa.

Shime basi, walimu wenzangu. Kijana anayejua kusema, "Hii ni mbadala; nionyeshe kama inafaa gari langu," ni mgumu kuhadaiwa kuliko yule anayejua kuuliza kama ni jenyuini tu. Fundi naye, akiwa na jina la kile anachokiuza, hatalazimika tena kukiita cha kawaida huku akitazamwa kama mwizi.