Mafundi, muache kuchezea biosi ya kadi za watu!

Wandugu wa hapa mtaani, na ninyi papa na mama munaoishi kambini ama kwa familia zilizowapokea, leo ninasema wazi jambo ambalo mafundi wengi wa kompyuta hawapendi lisemwe. Kuna biashara imeota kama uyoga. Kijana anapeleka mashine yake kwa fundi sababu picha zinakatakata ama video inachelewa kutoka. Fundi hajaifungua hata kuangalia vumbi, tayari anasema: "Biosi ya kadi grafiki imezeeka, tuiweke mpya." Analipisha dola. Saa moja baadaye ekrani ni nyeusi, na jibu ni lile lile: "Kadi ilikuwa na ugonjwa wake."

Huo ni uongo, na ni wizi.

Biosi ya kadi ni programu fupi iliyoandikwa ndani ya chipi ndogo kwenye kadi yenyewe. Ndiyo inaamsha kadi mashine inapowaka, inaiambia iende mwendo gani, ivute umeme kiasi gani, isemezane namna gani na kumbukumbu yake. Hiyo si piloti. Piloti inakaa kwenye diski pamoja na Windows. Ikiharibika munaifuta, munaweka ingine, hakuna aliyekufa. Lakini biosi ikikatika katikati ya kuandikwa, kadi haijui tena kuamka. Fundi anayechanganya hizo mbili mbele ya mteja, ama hajui kazi yake, ama anaijua sana.

Kweli, kuna siku biosi inapaswa kubadilishwa. Mwaka 2018 NVIDIA ilitoa chombo kwa kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal, sababu zingine zilibaki na ekrani nyeusi wakati wa kuwaka zikiungwa na ekrani za DisplayPort 1.3 na 1.4. Mwaka 2021 zilitoka biosi mpya za kadi za RTX 30 ili zikubali Resizable BAR. Hizo ni sababu zenye jina. "Imezeeka" si sababu. Biosi haiozi kama ndizi.

Tena kuna kadi za mitumba, na hapa ndipo muwe macho zaidi. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi grafiki, na wachimbaji ulimwenguni wakauza kadi zao. Wengi wa wenye RX 470, 480, 570 na 580 walikuwa wamebadilisha biosi ili zichimbe vizuri, na piloti ya AMD inaweza kukataa kadi yenye biosi iliyochezewa. Kuirudishia biosi ya kiwandani ni kazi halali. Lakini kuna wauzaji wabaya zaidi: wanachukua kadi ya zamani kama GTX 550 Ti, wanaiandikia jina la GTX 1050 Ti, munalipa bei ya jina. Programu ya bure GPU-Z inajua kufichua kadi nyingi za namna hiyo. (Na wale wanaosema kadi hizi zimetoka kwenye mashine za Bitcoin za Virunga kule Luviro, waache: mashine zile zimetengenezwa kwa Bitcoin tu, hazitumii kadi grafiki.)

Sasa, fundi mwenye heshima anafanyaje? Kwanza anaokoa biosi iliyopo kwa GPU-Z, anaiweka kwenye kle USB, na nakala moja anampa mwenye mashine. Asiyefanya hilo, mumunyanganye mashine palepale. Halafu anafungua kasha, anasoma karatasi iliyobandikwa nyuma ya kadi, sababu jina la RX 580 peke yake halitoshi: kadi mbili za jina hilo zinaweza kuwa moja na kumbukumbu ya Samsung, ingine ya Hynix, na biosi ya moja ikaitia ingine alama za rangi kwenye ekrani ama kuizima kabisa. Faili inatoka kwa mtengenezaji wa kadi ile ile, haitoki kwenye simu ya rafiki. Chombo kikikataa, fundi anasimama. Kulazimisha ndiko kunaua.

Mafundi wananijibu: "Umeme unakatika, tufanye nini?" Basi ngojeni! Kuandika biosi kunachukua dakika chache tu. Muweke onduleri yenye betri nzima, na jenereta inayotetemeka kila mtu akiwasha pasi musiitumie. Kama hamuna onduleri, hiyo kazi si yenu leo.

Nasema kwa ukali sababu ninajua kinachopotea. Kuna nyumba zilizokimbia vita na vitu vichache, kitengo cha kompyuta kimefungwa nyuma ya pikipiki. Kwa hicho mtoto wa nyumba anapanga video za ndoa na za matanga, na ndizo zinalipa unga na shule ya wadogo zake. Fundi akiua kadi hiyo, anasema "pole" na kubaki na dola.

Mama mmoja aliniuliza kama kadi ya mwanawe iliyozimwa hivyo itupwe. Hapana, mama. Kama prosesa ina grafiki yake ya ndani, ama mukipata kadi ingine ya kuazima, mashine itawaka na biosi iliyookolewa inaweza kuandikwa tena. Kadi zingine za AMD zina swichi ndogo pembeni yenye biosi ya pili: muzime mashine, musukume swichi, muwashe. Na kama vyote vimeshindikana, kuna kifaa cha bei ndogo, CH341A, kinachoshika chipi kwa kibanio na kuiandika moja kwa moja. Chipi zingine ni za volti 1.8, zinaomba adapta, fundi asiyelijua hilo asiiguse.