Walimu Kwanza, Vifaa Baadaye

Kuna kizazi cha wanafunzi ambacho tayari kimelipia uzembe wetu. Mwaka 2013 Serikali ya Jubilee nchini Kenya iliahidi kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule ya umma angepewa kipakatalishi. Zabuni ya kwanza ilifutwa baada ya mvutano, vipakatalishi vikageuka kuwa vishikwambi, na usambazaji ukaanza 2016. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka huo ndio waliofanya mtihani wa mwisho wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, mwaka 2023. Wapo waliomaliza miaka minane ya msingi bila kukizoea kifaa hicho, ilhali mlipa kodi aligharamia zaidi ya vifaa milioni 1.

Vingi viliishia stoo: chumba chenye dirisha la nondo nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, masanduku yamerundikana, betri zimekufa. Mwalimu mkuu asilaumiwe haraka. Kifaa kikiibwa, yeye ndiye anayeandikisha taarifa polisi. Kikiharibika, hana fungu la kukitengeneza. Naye mwalimu wa darasa alipewa mafunzo ya siku chache, kisha akarudishwa kwenye darasa lililofurika aendelee na chaki yake. Ni kweli mpango ule uliharakisha kufikishwa kwa umeme katika maelfu ya shule, na hiyo ni faida ambayo hatuibezi. Lakini mtoto aliyekaa chini ya taa hajafundishwa bado.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na serikali inataka asilimia 60 wafuate mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati. Wataufuata wapi? Katika shule nyingi za kutwa mashinani hakuna maabara ya kompyuta. Kibodi huchorwa ubaoni kwa chaki, wanafunzi wakanakili majina ya vitufe daftarini. Wakati huohuo mwenzao wa shule ya kibinafsi jijini anaandika programu zake mwenyewe. Wawili hawa watagombea kazi zilezile, na akili unde inazibadilisha kazi hizo wangali darasani. Huo ni ubaguzi unaofadhiliwa na bajeti ya taifa.

Wizara ya Elimu isinunue hata kishikwambi kimoja zaidi kabla ya kuwaandaa walimu. Tume ya Huduma za Walimu iwaajiri walimu wa kompyuta kwa masharti ya kudumu, iachane na mtindo wa kuwaita vijana waliohitimu "wanagenzi" na kuwalipa posho. Kila shule itengewe pesa za matengenezo. Bunge nalo lidai hesabu ya vifaa vya awali, shule kwa shule: vinavyofanya kazi, vilivyoharibika na vilivyoibwa. Waziri asiye na hesabu hiyo hastahili kupewa shilingi nyingine ya kununua vipya.

Wazazi, msingoje Nairobi. Kwenye mkutano ujao wa shule, ombeni stoo ifunguliwe mbele yenu.