Makofi Hayalipi Mahari

Mposaji akijitambulisha kuwa ni mwalimu au dereva wa basi, wazee humsikiliza. Akisema ni mchekeshaji, watu wanacheka, kisha baba wa binti anauliza: "Sawa, na kazi?" Swali hilo ni hukumu, na sisi tunaocheka bure ndio tulioiandika.

Kijana anayetafuta jina kwa vichekesho Dar es Salaam au Nairobi hakosi mapenzi ya watu. Stendi wanamwita, wanapiga naye picha, klipu zake zinazunguka simu hadi simu. Anachokosa ni malipo. Mwenye shughuli anampa nauli na ahadi ya "utajulikana". Mtayarishaji anainunua kazi yake kwa mkupuo, masta na haki zote, kisha anaiuza miaka nenda miaka rudi bila hata kumpigia simu. Mwenye tangazo anamwekea mkataba wa Kiingereza na kalamu juu yake. Kijana anadaiwa kodi ya chumba, anasaini. Mchumba akichoka kusubiri, tunasema wasanii hawatulii!

Msiniambie atoboe kwanza. Nani alitoboa kumshinda Amri Athumani, King Majuto wa Tanga? Alipougua, Watanzania walimchangia matibabu. Mwaka 2018 kilio cha mikataba yake ya matangazo kikafika kwa Waziri Harrison Mwakyembe, ikaundwa kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti 8. Naye Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa kipindi cha televisheni cha Vitimbi, aliichekesha Kenya kwa miongo kadhaa. Macho yalipomsumbua, mashabiki ndio waliochangishana. Alifariki mwaka 2015. Ikiwa vigogo hawa walifikia kuchangiwa, chipukizi wa Manzese ana kinga gani?

Sibezi michango ile, ilitoka moyoni. Ninachokilaani ni utaratibu wa kumnyima mtu haki yake akiwa na nguvu, kisha kumpa sadaka akiwa kitandani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ipo tangu 1999, na inamtambua mtumbuizaji kuwa ana haki katika onyesho lake. Lakini sheria haimsaidii mtu anayesaini kwa njaa asichokielewa.

Basi mikataba iandikwe kwa Kiswahili, na asisaini mtu kabla ya kusomewa na mwanasheria. Televisheni inayorudia kipindi imlipe mchekeshaji mrabaha kila inaporudia. Vyama vya wasanii viache kuwa vyama vya rambirambi, viende mahakamani. Nawe mwenye harusi, unayemlipa mpishi na mpambaji kabla ya siku yenyewe, mlipe na mchekeshaji kabla hajashika kipaza sauti. Ukisema unampenda, onyesha risiti.